Mtoto alia msituni Kinondo alfajiri: ni komba, ni ndege, au ni nini?

FundiFriji_Kongowea | Jumatatu, saa 2:40 usiku

Assalam aleikum, hamjambo wote.

Nianze kwa kukiri kwamba mimi si mtu wa ndege. Ndege ninayemjua ni kunguru, na namjua kwa ubaya: alininyakulia mkate wa mofa mkononi pale Marikiti mchana kweupe. Kazi yangu ni friji na viyoyozi. Sasa sikizeni yaliyonipata.

Ijumaa nilivuka feri kwenda kazi Kinondo, mbele ya Diani, nyumba ya kupangisha wageni iliyopakana na msitu. Friji kubwa ya jikoni ilikuwa haigandishi, mpira wa mlango umepasuka na gesi imevuja. Nikashinda nayo mpaka saa nne usiku, wakanipa chumba cha wafanyakazi nilale. Alfajiri, nimeshaswali, nje ndiyo kwanza kunapambazuka, nasikia mtoto alia msituni.

Msiniambie paka. Nina watoto watatu, kilio cha mtoto nakijua. Hiki kilianza chini, kikapanda, kikavutwa "nyaaa, nyaaa-aaa-aaa", kisha kikateremka kama mtoto aliyechoka kulia na hakuna aliyemjia. Nikamwamsha soja wa mlangoni. Yeye mzaliwa wa hukohuko. Akasikiliza, akajifunika tena shuka, akasema: "Nenda kamchukue, ukamlee."

Nikaenda na tochi hadi uani. Kilio kikahama kutoka kushoto kikawa juu ya kichwa changu. Hapo miguu ikakataa amri. Kisha nikasikia upepo, mfano wa mtu anayepeta mchele kwa ungo mkubwa, hu-hu-hu-hu, likapita dege kubwa jeusi, tumbo jeupe, juu ya mdomo lina pembe kubwa ya manjano. Picha niliyoipata ndiyo hii hapa chini. Mkono ulikuwa unatetemeka.

Naomba anayejua anifahamishe. Na kama ni mambo mengine, semeni pia, nijue kama nirudi au nimpe kazi fundi mwengine.

Kichekesho_Bamburi | Jumatatu, saa 2:52 usiku

Nimeikuza picha mpaka simu imepata moto. Ninachokiona ni kunguru aliyepigwa pasi.

BintiKisauni | Jumatatu, saa 3:05 usiku

Nyanya yangu, Mungu amrehemu, alikuwa wa Gazi. Tukichelewa kurudi nyumbani alikuwa akituambia: ukisikia mtoto alia porini usimwitikie, huyo anatafuta mama. Tulikuwa tunakimbia mpaka kanda zinakatika. Hadi leo sijajua alikuwa anatutisha tu au na yeye alitishwa. Naweka mkeka hapa nisikilize.

Mgema_Msambweni | Jumatatu, saa 3:20 usiku

Huyo ni komba, uzi ufungwe watu walale.

Mimi nagema mnazi mwaka wa kumi na moja huu. Kibuyu nikikiacha juu, komba huja usiku akanywa, na akishakunywa hulia kama mwana aliyenyimwa ziwa. Mnadhani watu walisema "mlevi kama komba" kwa kupenda mashairi? Kuna yule mkubwa mwenye mkia wa manyoya mengi, sauti yake inasikika mitaa miwili. Na kuna mdogo, huyo ana kelele za harakaharaka. Fundi umesikia yule mkubwa.

Kichekesho_Bamburi | Jumatatu, saa 3:24 usiku

Mgema usisifiwe, utatutilia maji hadi kwenye uzi.

DadaDarubini | Jumatatu, saa 4:10 usiku

Kaka Mgema, usiku ningekubaliana na wewe bila kubisha. Lakini soma tena alivyoandika fundi. Kunapambazuka, na wakati huo komba anarudi kulala, haanzi kazi. Kilio kimehama juu ya kichwa. Na kumesikika mabawa. Komba ana mengi ila mabawa hana.

Huyu ni hondohondo. Kwetu pwani wapo wa aina kadhaa, na yupo mmoja ambaye kila aliyemsikia mara ya kwanza humfikiria mtoto mchanga. Wataalamu wamempa jina la Kilatini *Bycanistes bucinator*, na hilo neno la pili maana yake mpiga tarumbeta. Aliyelitoa nadhani alimsikia kwa mbali. Ukimsikia karibu huwazi tarumbeta, unawaza kliniki siku ya chanjo.

Tatizo langu ni hiyo pembe ya manjano. Haikai vizuri na kilio. Nitaeleza kesho, sasa hivi macho yanafumba.

Mgema_Msambweni | Jumatatu, saa 4:18 usiku

Komba huruka kutoka mnazi huu hadi ule, dada. Mimi nimemwona kwa macho yangu.

DadaDarubini | Jumatatu, saa 4:21 usiku

Anaruka, ndiyo. Huo upepo wa ungo je?

Mgema_Msambweni | Jumatatu, saa 4:40 usiku

Sawa. Lakini usiku ni komba.

Shanzu254 | Jumanne, saa 1:15 asubuhi

Mbona hondohondo wako hapa kwetu Shanzu, wanakuja bustanini wawili wawili, na hawalii hivyo? Wana mdomo mwekundu, mwili wa rangi ya moshi, tumbo jeupe. Sauti yao ni filimbi fupifupi zinazoteremka. Au tunazungumzia ndege wengine?

DadaDarubini | Jumanne, saa 7:30 mchana

Shanzu, hao ni jamaa mmoja lakini nyumba mbalimbali. Wako wa mdomo mwekundu ni mdogo, na ukimtazama vizuri pale mdomo unapoanzia ana mstari wa manjano, na jicho pia la manjano. Huyo anavumilia mji kidogo, ukimwachia miti. Kinondo tunazungumzia miongoni mwa wakubwa wawili, weusi kwa weupe, na hapo ndipo watu wengi hukosea, hata wanaobeba vitabu.

Wa kwanza, yule mlizi, ana urefu wa sentimita 60 hivi. Weusi wake unaishia kifuani, kisha tumbo lote jeupe. Pembe iliyo juu ya mdomo ina rangi ya kijivu cheusi, haina uzuri wa kumwita mtu. Karibu na jicho ana ngozi tupu ya waridi. Akiruka, tazama ukingo wa nyuma wa bawa: kuna utepe mweupe, kama upindo wa kanzu uliotokeza chini ya koti.

Wa pili ni mkubwa zaidi, sentimita 75 hadi 80. Mashavu yake yana manyoya yenye ncha za kijivu cha fedha. Dume ndiye mwenye ile pembe kubwa ya rangi ya malai, manjano iliyopauka. Weusi wake unashuka mpaka chini kabisa ya kifua na tumbo, weupe unabaki kidogo tu karibu na miguu. Akikupa mgongo, kiuno cheupe hadi juu ya mkia. Lakini bawa kwa juu ni jeusi lote, upindo hakuna. Na sauti yake ni ya kukoroma na kubweka, kama watu wanaogombania bei ya samaki. Halii kama mtoto.

Kwa hiyo fundi ametuletea sauti ya mmoja na kofia ya mwengine.

Kichekesho_Bamburi | Jumanne, saa 7:41 mchana

Mitumba hiyo. Suruali ya huyu, shati la yule.

MzeeWaKwale | Jumanne, saa 2:00 usiku

Wanangu hamjambo. Nimesoma yote. Fundi, nina maswali matatu, na usiyajibu haraka.

La kwanza: ile pembe ya manjano uliiona wewe pale uani, au uliiona baadaye kwenye simu? La pili: huo weupe uliuona wapi hasa, tumboni, kiunoni au bawani? La tatu: aliyekuwa akilia alikuwa mmoja, au walikuwa wakijibizana?

FundiFriji_Kongowea | Jumanne, saa 3:35 usiku

Shikamoo mzee.

Swali lako la kwanza limenikaa kifuani tangu nilisome. Ukweli ni kwamba nilipotoka pale nilikaa kwenye ngazi nikafungua simu, nikatafuta ndege mkubwa mweusi mwenye pembe. Picha ya kwanza iliyokuja ina pembe ya manjano. Nikasema ndiye. Sasa hivi nikifumba macho naiona pembe hiyo ikipita juu ya mwarobaini, lakini wallahi sijui kama niliiona kwa jicho au simu ndiyo iliyoipachika. Kulikuwa na giza giza bado. Rangi ya manjano ningeionaje?

Lile tumbo jeupe niliandika kwa kubahatisha; weupe niliuona "kwa nyuma huko". Sina zaidi.

Vilio vilikuwa viwili au vitatu. Mmoja akianza, mwengine anadakia.

Na la kuchekesha ni kwamba mimi mwenyewe huwafokea wateja kwa jambo hilihili. Mtu hunipigia simu akasema "kompresa imekufa", kwa sababu jirani kamwambia. Nikifika nakuta ni waya. Siku zote huwaambia: nipe ulichosikia na ulichoona, ugonjwa niachie mimi. Leo nimewaletea nyinyi kompresa.

MzeeWaKwale | Jumanne, saa 4:02 usiku

Marahaba mwanangu. Basi umeshaanza kuwa mtu wa ndege.

Nitakwambia mimi nilivyomjua. Nyumbani kwetu ni karibu na msitu wa Shimba, upande wa Kwale. Wakati huo msitu haujawa hifadhi ya wanyama bado, serikali iliutangaza 1968 na mimi nilikuwa kijana wa kuchunga. Kulikuwa na mti mmoja mkubwa, mvule, wenye tundu juu sana, urefu wa minazi miwili ukiipandanisha. Tukaona dume la hondohondo linakwenda pale na kurudi, linakwenda na kurudi, koo limevimba. Linafika, linashika gome kwa kucha, linacheua tunda moja, linalitia kwenye ufa. Anacheua jingine, analitia. Ufa wenyewe mwembamba, mkono wa mtoto haupiti. Sisi tukadhani analisha mti!

Babu akatueleza. Jike yumo ndani. Anaingia mwenyewe, mlango unazibwa kwa udongo uliochanganywa na kinyesi na makapi ya matunda, ukikauka ni ukuta wa saruji. Unabaki ufa wa kupitishia mdomo tu. Humo atataga, ataatamia, atalea, karibu miezi mitatu hajaona jua. Chakula chote kinaletwa na mumewe. Dume likiuawa, walio ndani wamebaki na ufa wao. Mwenzetu mmoja alirusha jiwe siku moja, babu akamchapa kwa fimbo ya kuchungia ng'ombe, na hakuwa hata mjukuu wake.

Nilikwenda kila siku mpaka wakatoka. Siku ya kubomoa ukuta sikuiona, nilipelekwa shuleni. Sijaisamehe shule ile hadi leo.

BintiKisauni | Jumanne, saa 4:15 usiku

Miezi mitatu ndani, chakula analetewa mlangoni, na hajasumbuliwa na wifi. Mzee, nafasi za kazi zipo?

Mzigua_Muheza | Jumatano, saa 3:50 asubuhi

Wakuu, habari za huko. Mimi niko Muheza, Tanzania, milima ya Usambara Mashariki naiona nikifungua dirisha. Nimevutwa na hii habari ya mzee kwa sababu huku kwetu Amani jambo hilo liliwahi kuandikwa kwa undani. Pale kuna kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wajerumani 1902, baadaye wakaja Waingereza. Miaka ya 1930 alikuwepo Reginald Moreau na mkewe Winifred, wakawa wanaangalia viota vya hondohondo wa mashavu ya fedha, siku baada ya siku, wanahesabu dume amekuja mara ngapi na ameleta matunda mangapi. Kwa hiyo mzee, wewe na fimbo yako ya kuchungia mlikuwa mnafanya kazi ileile, tofauti ni kwamba wenzako walikuwa na daftari.

Kitu kimoja cha kuongezea: huku wakubwa hao wawili tunawaona mti mmoja, hasa mkuyu ukiiva. Msifikiri akiwepo huyu yule hayupo.

DadaDarubini | Jumatano, saa 7:20 mchana

Mzigua umegusa penyewe. Kinondo na Diani pia wapo wote wawili. Ndiyo maana sitaki kumwambia fundi "uliyemwona ni fulani". Uliyemsikia, hapo nina uhakika.

Kichekesho_Bamburi | Jumatano, saa 8:05 mchana

Swali la kitaalamu. Kichwa kile na mdomo ule na pembe juu yake, shingo haivunjiki?

DadaDarubini | Jumatano, saa 8:30 mchana

Leo umeuliza la maana. Pembe ni nyepesi kuliko inavyoonekana, ndani sehemu kubwa ni uwazi. Na mifupa miwili ya kwanza ya shingo ya hondohondo imeungana ikawa mmoja, ili ibebe mdomo.

FundiFriji_Kongowea | Jumatano, saa 8:44 mchana

Kama ukuta wa friji basi. Nje bati, ndani povu. Mtu akiuona anadhani ni chuma kitupu.

Shanzu254 | Jumatano, saa 2:30 usiku

Fundi ukirudi, fanya hivi: pakua sauti yake kwenye simu, iwashe kwa nguvu, atakuja mwenyewe mpaka juu ya kichwa chako. Mimi huwafanyia hivyo chozi wa hapa bustanini, wanakuja wamekasirika, unapiga picha nzuri sana.

DadaDarubini | Jumatano, saa 3:10 usiku

Tafadhali usifanye. Umesema mwenyewe, wanakuja wamekasirika. Anadhani kuna mgeni ameingia kwake, anaacha kula, anaacha kulisha, anatafuta mtu wa kupigana naye ambaye hayupo. Kama ni dume lenye jike ndani ya mti, kila dakika anayozunguka simu yako kuna mdomo unasubiri kwenye ufa.

Hondohondo hahitaji kuitwa. Tafuta mkuyu wenye matunda yaliyoiva, kaa, nyamaza. Atakuja kwa njaa yake.

Shanzu254 | Jumatano, saa 3:22 usiku

Sikuwa nafikiria hivyo. Haya, naacha hata kwa chozi. (Nitajaribu.)

MzeeWaKwale | Jumatano, saa 3:40 usiku

Na jingine fundi. Upande huo kuna Kaya Kinondo, ni msitu wa wazee wa Kidigo, umo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Ukitaka kuingia, pita kwa wenyewe, watakupa kaniki ujifunge kiunoni na mtu wa kukuongoza. Vua kofia. Usichukue kitu, hata jani lililoanguka. Usijiingilie ukifuata sauti, hata ikiwa mtoto kweli.

Na ukipata mti wenye kiota, hapa usiandike uko wapi. Tuandikie ulichoona tu.

FundiFriji_Kongowea | Jumatano, saa 4:00 usiku

Nimesikia mzee. Mpira wa mlango unafika Alhamisi, Ijumaa narudi kuufunga. Kuna rafiki yangu Majengo ana darubini ya mtumba, jicho la kushoto lina ukungu. Nitaiazima.

Kichekesho_Bamburi | Jumamosi, saa 4:15 usiku

Fundi yuko wapi? Amechukuliwa na mtoto?

FundiFriji_Kongowea | Jumapili, saa 9:10 alasiri

Nimerudi. Nisubirini, naandika kutoka kwenye daftari la risiti, maana sikuwa na jingine.

Ijumaa nilifunga mpira mapema makusudi, saa tisa nimemaliza. Nikamwuliza soja kama kuna mkuyu wenye matunda. Akasema upo nyuma ya tangi la maji, na akaniuliza kama friji za huku nje nazo zinatengenezwa. Mkuyu mkubwa, chini yote ni makuyu yaliyopondeka, harufu kama pombe inayochacha. Mgema ungefurahi. Jioni waliokuja ni mbega, familia nzima, wanakula na kututupia makapi. Hondohondo hakuna. Nikalala nimevunjika moyo.

Jumamosi. Nimeandika hivi, nanakili bila kurekebisha:

"11:20 alf. Giza. Kilio. Mbali, upande wa bahari. Mmoja.
11:27 Wamejibu. 3? 4? Nywele zimesimama ijapokuwa najua.
11:35 Wamekuja mkuyuni. Sauti ya mabawa. Naona maumbo tu. SIANDIKI RANGI.
11:46 Mwanga. Tumbo jeupe mpaka kifuani. Pembe ya kijivu cheusi. Ngozi ya waridi jichoni (jicho la kulia la darubini).
11:49 Mmoja ameruka. UPINDO! Upindo wa kanzu. Umeonekana kabisa."

Dada, nilipouona huo utepe mweupe nyuma ya bawa nilipiga kelele, na wote wakaondoka. Soja akasema hata watoto wadogo wanajua kunyamaza. Nikakaa tena. Wakarudi baada ya robo saa hivi, nikawahesabu saba. Wanachuma kuyu kwa ncha ya mdomo, kwa adabu kabisa, kisha wanalirusha juu kidogo na kulidaka kooni. Mdomo mkubwa vile, unadhani atavunja tawi, kumbe anachuma kama mama anayechagua nyanya.

Na walikuwa wanalia humohumo wanapokula. Mdomo unafunguka, kilio kinatoka, nimekiona kinatoka. Hilo nilitaka kuliona kwa macho yangu. Ningeweza kuwaamini nyinyi na vitabu, lakini kichwa changu kilikuwa bado kinatafuta mtoto.

Sasa sikilizeni lililofuata.

"1:02 asb. Upepo mkubwa kuliko wa kwanza. Kama ungo wawili. Mmoja ametua juu kabisa."

Wadogo (sasa nawaita wadogo!) wakasogea. Huyu alikuwa mweusi kifua chote, tumbo lote, weupe chini kabisa penye miguu. Na pembe ya malai, kubwa, inang'aa jua likiipiga. Hakulia. Alikoroma, kama mota ya friji kuukuu inapojaribu kuwaka ikashindwa. Akala kama dakika kumi, akageuka akanipa mgongo: kiuno cheupe. Akaruka: bawa jeusi tii, upindo hakuna.

Kwa hivyo Mzigua ulisema kweli, wote wawili mti mmoja.

DadaDarubini | Jumapili, saa 9:31 alasiri

Nimesoma hili mara tatu. "SIANDIKI RANGI" saa 11:35. Kuna watu wenye darubini za bei ya gari ambao hawawezi kuandika maneno hayo mawili.

Mzigua_Muheza | Jumapili, saa 10:05 jioni

Safi sana mkuu. Na yule wa siku ya kwanza, aliyepita juu ya kichwa chako, sasa unasema alikuwa yupi?

FundiFriji_Kongowea | Jumapili, saa 10:20 jioni

Hapo ndipo nilipokaa sana leo kwenye feri nikirudi. Nafsi inataka kusema ni yule mkubwa, maana hadithi itakuwa nzuri: nilimsikia mmoja nikamwona mwengine. Lakini weupe wa "kwa nyuma huko" unaweza kuwa kiuno cha mkubwa na unaweza kuwa utepe wa mdogo. Ukubwa nao, mtu aliyeogopa kila kitu kwake ni kikubwa. Nimeandika kwenye risiti ya juma lile: "Kilio: hondohondo mlizi. Aliyepita juu: hondohondo, aina haikujulikana." Yule sitamjua tena.

MzeeWaKwale | Jumapili, saa 1:50 usiku

Andika hivyohivyo, usimwongezee. Na kiota?

FundiFriji_Kongowea | Jumapili, saa 2:05 usiku

Mzee, wale saba niliwatazama walikoelekea. Mmoja kila mara alikwenda peke yake upande mmoja, koo limevimba, akarudi koo tupu. Mara nne nimemhesabu. Sikumfuata. Ulisema nisijiingilie.

MzeeWaKwale | Jumapili, saa 2:09 usiku

Mara nne.

Mwanangu, hesabu mara ngapi kila ukienda, na saa. Nipigie hapa uniambie. Mwezi wa kwanza au wa pili utaona amekuja mkuyuni na watu wake.

BintiKisauni | Jumapili, saa 2:30 usiku

Nimemsomea mama yangu uzi wote. Amesema nyanya alikuwa anajua ni ndege. Alikuwa anajua siku zote! Alitutisha tu turudi kabla ya magharibi. Miaka thelathini naogopa msitu wa Gazi kwa ajili ya hondohondo anayekula kuyu.

Mgema_Msambweni | Jumapili, saa 2:41 usiku

Magharibi inaweza kuwa komba.

Kichekesho_Bamburi | Jumapili, saa 2:44 usiku

Fundi, hamna aliyeuliza. Friji?

FundiFriji_Kongowea | Jumapili, saa 2:58 usiku

Inagandisha. Ila nimemwambia mwenye nyumba mpira mpya huwa unahitaji kuangaliwa kila baada ya majuma mawili, mpaka mwezi wa pili. Amekubali. Hajui friji, namshukuru Mungu.